Jinsi Bwana Alivyonirudishia Ngoma Katika Mpunga wa Lubarika

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe mara ya pili kwa ajili ya ninyi mnaokaa nyuma karibu na mlango ili mtoke kabla ya sadaka. Bwana anawaona, na anawapenda hivyo hivyo.

Mimi ni ndugu yenu Bahati wa Kavimvira, hapa Uvira. Wengi mnanijua kama yule mtu wa kimya anayekaa pembeni na kutoka nje kwaya inapoanza kupiga. Nimeombwa niandike ushuhuda wangu, nami nimefurahi mno, kwa sababu tangu nimalize shule ya jioni na kushika diploma mkononi nimekuwa nikitafuta jambo la kuandika kama vile mtu aliyenunua panga jipya anavyotafuta msitu. Jambo hili hapa. Lakini nawaonya mapema: sijalielewa lote. Wengine huja mbele yenu na ushuhuda ulionyooka kama lami. Wangu ni kama barabara yetu baada ya mvua. Tutafika, lakini mtashuka kusukuma.

Ndugu zangu, zamani sikuwa mtu wa kimya! Nilikuwa mpiga ngoma wa kundi liitwalo Ndagala Kali. Tulijiita hivyo kwa sababu ndagala ni samaki mdogo kabisa katika ziwa letu, lakini ukimkaanga mtaa mzima unajua. Tulikuwa watatu. Espoir alipiga gita na kuimba, Amisi alipiga gita la besi, nami nilikaa nyuma na ngoma zangu. Espoir ni rafiki yangu tangu tukiwa na kaptula moja kwa zamu. Amisi ni Mwislamu, mtoto wa wafanyabiashara wa Uvira tangu enzi za mababu, na ni yeye aliyetuingiza katika mambo haya yote.

Siku moja Amisi alinunua kadi ya nyimbo pale mpakani. Muuzaji alimwapia kwa jina la mama yake kwamba imejaa rumba. Tukaichomeka kwenye simu. Rumba iko wapi! Walitoka vijana wa nchi za mbali wanaoimba kwa pua, gita zinakwenda mbio kana kwamba zimeiba, na ngoma iko nyuma inazifukuza. Muziki ule unaitwa pop panki. Hatukuelewa neno hata moja, lakini Amisi, mwenye Kiingereza cha kubadilishia pesa, akaanza kututafsiria:

"Huyu, binti alimuacha. Huyu naye, muji wao ni mudogo sana, anachoka. Huyu… binti alimuacha tena."

"Lakini mbona wanaonekana na furaha?" Espoir akauliza.

"Hapo njo sielewi," Amisi akajibu. "Wanalia kama bantu wenye kushinda mechi."

Tukaangaliana. Mji mdogo? Ziwa huku, milima huku, katikati barabara moja! Watu wale walikuwa wanaimba Uvira bila kujua. Tukawafuata. Tulitoa albamu yetu ya kwanza, na nawaambia kweli, ilijulikana kutoka Kavimvira hadi Makobola, na ninaamini hata viboko wa mto Ruzizi walikuwa na wimbo wao wanaoupenda. Jirani yetu mmoja aliuita muziki wa muntu mwenye kufukuzwa na nyuki. Hatukumpinga. Tulikuwa tumeshaanza kutunga albamu ya pili, na ilikuwa tamu kuliko ya kwanza mara elfu.

Sasa nifike kwenye giza, ingawa lilitokea mchana kweupe.

Tulikuwa na chumba cha mazoezi nyuma ya depo, lile ghala la chumvi la baba yake Amisi. Tulikuwa tumeziba madirisha kwa magodoro ya zamani ili majirani waendelee kutusalimia. Ikafika alasiri moja katika siku zile ambazo sitazieleza, maana kila mmoja wetu hapa anazo zake. Asubuhi mji ulikuwa umetulia, tukasema tufanye mazoezi. Tulishika wimbo mpya, ukatushinda, tukaurudia, tukaurudia tena. Tulipiga kwa nguvu zote tulizopewa na Mwenyezi! Kisha tukatoka nje kunywa maji.

Ndugu zangu, mtaa haukuwepo.

Nyumba zilikuwepo. Watu ndio hawakuwepo. Sufuria ya ugali iko motoni, mwiko umesimama ndani yake peke yake. Ndala moja ya mtoto katikati ya njia. Mbuzi mmoja amepanda juu ya meza ya sokoni anakula maharage, hakuna wa kumuuliza. Mtaa mzima ulikuwa umekimbia! Risasi zilikuwa zimelia, watu walikuwa wameitana, mama walikuwa wamebeba watoto na magodoro na kuku, na sisi watatu hatukusikia kitu, kwa sababu ya kelele zetu wenyewe.

"Bantu bote iko wapi?" Amisi akauliza.

Akajibiwa na risasi. Tukarudi ndani kwa magoti. Moja ilipita kwenye bati, ikashuka, ikatoboa ile ngoma yangu kubwa ya mguu, ikatoka upande wa pili bila kuaga. Tulilala nyuma ya magunia ya chumvi mpaka kukawa kimya. Hakuna kati yetu aliyejeruhiwa. Bwana asifiwe! Wakati nilipokuwa nimelala pale nilisema, Bahati, umeokoka, ukitoka hapa utaishi miaka mia mbili.

Lakini kuna kitu kiliingia ndani yangu siku ile, na hakikutoka watu waliporudi.

Tulipoanza mazoezi tena niligusa ngoma yangu ndogo kwa kijiti, pa! na nikajikuta sakafuni. Sikuamua. Mwili ulitangulia, mimi nikaufuata. Nikainuka, nikacheka, nikapiga tena. Sakafuni tena. Baada ya hapo ikawa popote. Mlango ukigongwa, mimi chini. Muuza nyama akipasua mfupa, mimi chini. Kwenye arusi ya dada yake Espoir mtu alipasua puto, nikaingia chini ya meza ya maarusi kwa kasi ambayo wachezaji wa mpira wa nchi hii hawajawahi kuifikia, na nilipotoka upande wa pili nilikuwa nimevaa shela. Watu walicheka mpaka keki ikaanguka. Nami nilicheka. Lakini usiku huo nilikaa kitandani, nikauliza, Bwana, nini hiki?

Nikajibiwa! Hapo ndipo ushuhuda wangu unapoanza kupinda. Katika maombi nilisikia sauti. Ilikuwa sauti ya utulivu, yenye Kiswahili kizuri kuliko changu, ikaniambia: "Acha ngoma. Kaa kimya." Ningefanya nini, ndugu zangu? Nilijua moja kwa moja kwamba ni Roho. Nikaja mbele yenu hapa kanisani, nikasema nimeacha ngoma za dunia. Mkapiga makofi, na makofi yenyewe yalinirudisha kwenye benchi mikono iko kichwani. Mkadhani ninasujudu. Mama mmoja alilia kwa furaha.

Nikawaambia Espoir na Amisi. Espoir akasema, "Kama Mungu njo alisema, miye nitasema nini?" Akafunika gita lake kwa shuka. Kundi likasimama. Albamu ya pili ikabaki vichwani mwetu. Watu walimletea Amisi wapiga ngoma wengine, mmoja kutoka Bujumbura mwenye mikono kama panka. Amisi alikataa. "Tuko batatu," aliwaambia. "Ya tatu iko anasali. Tunangoja."

Na kila Ijumaa akitoka msikitini alipitia kwetu kunichokoza.

"Weye Bahati, ulikombolewa toka ngoma, ao ngoma njo ilikombolewa toka kwako?"

"Amisi, usichezee mambo ya Roho."

"Sichezi. Nauliza tu. Sisi kwetu sauti ya Mungu inakupa kusimama. Yako inakuingiza chini ya meza."

"Kila muntu na njia yake."

"Sawa, baba. Lakini njia yako iko chini sana."

Nilikasirika. Nikawa naomba kimya kizidi, kwa sababu kila niliponyamaza sauti iliniambia ninyamaze zaidi. Mwishowe hata mji ulinizidi: pikipiki, vipaza sauti, mama wauza samaki. Nikasema nitakwenda mahali ambapo hakuna kelele kabisa. Nitakwenda kijijini. Nitakwenda Lubarika kwa Shangazi Mapendo, dada wa baba yangu, mjane, mlimaji wa mpunga.

Wenyeji wa bonde mnaosoma hapa, ninawaona mnavyocheka. Ndiyo, chekeni! Mimi ni mtu wa mpakani. Mchele ninaujua ukiwa ndani ya gunia. Sikujua kwamba mpunga ukianza kuiva hakuna mahali penye kelele duniani kuliko bonde la Ruzizi, kwa sababu ya ndege.

Nilifika na begi langu na Biblia yangu. Shangazi alinikumbatia, akanilisha bugali na samaki mpaka nikashindwa kupumua, kisha akanipa debe la bati na kipande cha mti.

"Ya nini hii, shangazi?"

"Ya ndege."

"Shangazi, miye nilikuja kupumzika. Roho aliniambia nikae kimya."

"Roho alikuambia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ndege, aliwaambia nao?"

Shangazi ni Mkatoliki, husali rozari yake yote akiwa ndani ya maji ya shamba, na habishani na mtu mambo ya Roho. Alinionyesha tu mbinguni. Ndugu zangu, wingu lilikuwa linakuja, na halikuwa la mvua. Ndege wadogo, kichwa kama kidole gumba, tumbo kama soko la Kiliba! Wakitua mahali kwa muda wa kusema Baba Yetu, mnabaki na majani. Mpunga ule ulikuwa chakula cha Shangazi cha mwaka mzima na dawa zake na bati la nyumba yake.

Akanipandisha kwenye dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na kuniachia mpunga wake. Sikuthubutu kupiga debe. Nilipunga shati langu bila sauti. Ndege waliliangalia shati, wakaridhika nalo, watatu wakatua juu yake. Na mashamba ya pande zote yalikuwa yanalia: madebe, masufuria, "Haaaya! Haaaya!" Kila debe la jirani lilipolia mimi nililala kifudifudi. Kutoka mbali ungesema ninaswali.

Shangazi alikuja akitimua maji.

"Bahati! Unalala?"

"Sijalala, shangazi. Mwili njo unafanya hivyo."

Aliniangalia. Nilidhani atanigombeza. Akainama, akaokota debe, akaniwekea mikononi taratibu. Kisha akanieleza jambo ambalo kila mtu wa bonde analijua isipokuwa mimi: ndege hawafukuzwi waende mbinguni, wanafukuzwa waende kwa jirani. Jirani yake, Mama Furaha, alikuwa hodari sana.

"Ukikawia," Shangazi akasema, "Mama Furaha anapiga wa kwanza, ndege yote inakuja kwetu. Kila siku iko ananifanyia vile, na kanisani anakuja kunisalimia! Piga mbele yake. Usingoje aanze."

Ndugu zangu, sikupiga kwa imani. Nilipiga kwa ajili ya kumshinda Mama Furaha. Niliona wingu linageuka, nikamwona na yeye kwa mbali anainua sufuria yake, nikafumba macho, pa!

Sikuanguka.

Nikafumbua macho. Nilikuwa nimesimama! Nikapiga tena, pa! Bado nimesimama. Mama Furaha akapiga, nikalala. Nikainuka, nikapiga mimi, nikabaki wima. Nilikaa pale nikishangaa kama Nabii Yona alipotapikwa. Kumbe kelele inayotoka mikononi mwangu mwili wangu unaijua! Ile inayokuja bila kubisha hodi ndiyo inayoniangusha.

Siku zilizofuata nilipiga nikiwa wa kwanza, kila mara. Shangazi akaniletea debe la pili, bidoni la njano la kutekea maji, pipa lenye kutu, sufuria iliyotoboka, na kipande cha bati tulichokitundika kwa kamba kikawa ile sahani ya shaba ya wapiga ngoma. Na mikono, ndugu zangu, mikono haina adabu. Asubuhi moja nilijikuta ninapiga mbio ile ile ya Ndagala Kali, mwendo wa nyuki! Ndege walisikia, wakaangaliana, wakaondoka. Hawakwenda kwa Mama Furaha. Walikwenda hadi kijiji cha Katogota, na nadhani wengine walivuka mpaka bila karatasi. Mama Furaha mwenyewe alikuja kwenye mpaka wa shamba, mikono kiunoni.

"Mapendo! Hiyo ngoma ni ya kanisa gani?"

"Ya mutoto wa kaka yangu!" Shangazi akajibu, na sijawahi kumwona akijivuna hivyo.

Mngefikiri nilifurahi. Nilifurahi, na jioni nikalia. Kwa sababu kama ile sauti ilikuwa ya Roho, basi nilikuwa ninaasi tangu asubuhi hadi jua kuzama, tena kwa bidii. Na kama haikuwa ya Roho, ilikuwa ya nani? Ilinijuaje? Mbona ilikuwa na Kiswahili kizuri namna ile? Nilifunga, nikaomba, nikamsihi Bwana aniambie neno moja. Nilisikia vyura. Nikamweleza Shangazi yote, tangu siku ya risasi. Alisikiliza huku akipeta mchele, hata hakuacha. Mwishowe akasema:

"Hiyo ni kubwa kunipita. Tuvune kwanza, kisha utamuuliza."

Wakati huo huo habari ilikuwa imeshuka Kavimvira pamoja na magunia. Wauza mchele walisema sokoni kwamba Lubarika kuna mwendawazimu anafukuza ndege kwa muziki wa nyuki. Amisi alikuwa pale anapima chumvi. Aliacha mteja na mizani.

Siku ya pili yake pikipiki moja iliingia kijijini ikiwa imebeba Espoir, Amisi, magita mawili, vipaza sauti viwili vidogo, paneli ya jua, na mashine ndogo ya kurekodi ambayo Amisi aliikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Dereva sijui alikaa wapi. Walinikuta juu ya dungu katikati ya wimbo. Espoir akashuka. Alisimama ndani ya maji na viatu vyake vya mjini, akasikiliza, mdomo wazi.

"Kumbe hii njo kukaa kimya," Amisi akasema.

"Amisi, usianze."

"Sianzi. Naona Roho wako ana debe."

Tukacheka mpaka dungu likatikisika. Kisha Espoir akauliza swali alilokuja nalo: "Bahati, ile albamu. Unaweza?"

Nikamwambia ukweli. Ndani ya chumba siwezi. Ngoma ikipigwa na mwingine siwezi. Mlango ukigongwa tu siwezi. Na sijui kama Mungu anataka. Hapa juu ya mpunga, nikianza mimi, labda.

"Basi tunafanyia hapa," akasema.

Shangazi aliruhusu kwa sharti moja: albamu au si albamu, ndege wasile. Ndivyo tulivyorekodi albamu yetu ya kurudi, ndugu zangu. Madebe, bidoni, na gita zenye umeme wa jua. Nyimbo zile za haraka tulizozibeba vichwani muda wote ule zilitoka kama maji ya mto Kalimabenge siku ya mvua! Tuliiita Mpunga Hamuli, tukiwaambia ndege. Watoto wa kijiji waliimba viitikio. Mama Furaha aliimba pia, huku akilalamika.

Ikafika siku ya wimbo wa mwisho. Wimbo ule unaanza na ngoma peke yake, kisha besi, kisha gita, kisha Espoir anapiga kelele zake. Tulifika katikati, nami nilikuwa ninaruka! Nilisema moyoni, nimepona, Bwana, nimepona kabisa, nitakwenda kutoa ushuhuda ulionyooka!

Hapo hapo mashine ya kukoboa mpunga, kule upande wa barabara, ikapiga mlipuko mmoja kutoka kwenye bomba lake la moshi. Mmoja tu. Lakini mlio wake ulikuwa ule ule wa risasi.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka matope mdomoni. Nilikuwa chini ya dungu, kifudifudi ndani ya maji, mikono kichwani, na ile sauti ikaja, tulivu kama kawaida: "Si nilikuambia? Kaa kimya." Nami nikasema, sawa. Kweli, ndugu zangu, nilikubali. Nilisema sawa, nitakaa hapa, nimekosea, nimemaliza.

Na juu yangu wimbo uliendelea. Hilo ndilo nisilolielewa. Espoir na Amisi walikuwa wameniona nikianguka, wangeweka magita chini, kila mtu angeweka. Hawakuacha. Amisi alizunguka na besi mahali pale pale, pale pale, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango ulio wazi. Espoir aliacha kuimba, akabaki na gita tu. Walinishikia nafasi. Na ndege, waliposikia madebe yamenyamaza, wakarudi. Nilisikia mabawa yao.

Nikangoja sauti nyingine kutoka mbinguni. Ikaja sauti kutoka mwisho wa shamba, ya mwanamke aliyeshika pindo za nguo anakimbia:

"Bahatiiii! Ndegeeee! Banamaliza muchele yangu! Bahati, weye! Utalala kesho!"

Nikainuka. Sitawadanganya kwamba woga ulitoka kama moshi, kama mnavyopenda kusikia. Ulikuwepo wote, kilo kwa kilo. Lakini mchele ulikuwa unaliwa! Nikapanda dungu kwa miguu na mikono, nikatafuta vijiti, kimoja kimepotea, nikapiga kwa kijiti na ngumi. Niliingia vibaya. Niliingia mahali ambapo hakuna mpiga ngoma anayeingia. Amisi akageuza besi yake akanifuata nilikokosea, Espoir naye, tukamaliza wimbo pamoja, na ndege wakaondoka kwa hasira.

Tuliposikiliza, kila kitu kilikuwemo. Ule mlipuko. Mimi kupiga maji, pwaa. Kisha muda mrefu bila ngoma. Kisha Shangazi, wazi kabisa, kuliko sauti ya Espoir. Nikasema tufute, turudie. Espoir akakataa. "Ukifuta hapo, nitarudi Uvira kwa miguu," akasema. Tukaacha. Leo vijana wa Kavimvira wakifika sehemu ile ya wimbo wanapaza sauti wote, "Bahatiiii! Ndegeeee!" na Shangazi amekuwa maarufu kutuzidi. Anataka apigwe picha.

Niliporudi mjini nilimpelekea mchungaji wetu albamu, maana nilitaka anihukumu mapema nimalize. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alivua miwani.

"Sasa, mwanangu, hapa Bwana alikutoa kwenye ngoma, ao alikutoa kwa njia ya ngoma?"

"Sijui, Mchungaji."

"Na ile sauti?"

"Sijui. Mara nafikiri ni risasi ile ilijifunza kusema. Mara nafikiri nakufuru. Sijui."

Akaomba tusikilize. Nilifungulia ule wimbo wa mwisho kwenye simu. Mguu wake ulikuwa unakwenda chini ya meza, akadhani sioni. Ngoma iliponyamaza akasogeza sikio.

"Hapa ngoma iko wapi?"

"Hapa niko chini, Mchungaji. Ndani ya matope."

Tulikaa, mimi na yeye, tukisikiliza besi ya Amisi inazunguka. Shangazi alipopiga kelele mchungaji alicheka mpaka akafuta macho. Kisha ngoma ikaingia, mahali pabaya pale pale, na nikamsikia akisema kwa sauti ndogo sana, si kwangu, "Amina." Akavaa miwani. "Uandike," akasema, "na usiunyooshe."

Nimeandika. Namshukuru Bwana aliyelinda vichwa vitatu nyuma ya magunia ya chumvi. Namshukuru kwa Espoir, na kwa Amisi ambaye haombi kama sisi na aliningoja kuliko wengi wetu. Namshukuru kwa Shangazi Mapendo, kwa rozari yake na kwa koo lake. Hata kwa ndege ninamshukuru, maana yeye ndiye aliyewaumba, ingawa angeweza kuwapa tumbo dogo.

Na wewe ndugu yangu, dada yangu, unayesikia ndani yako neno linalokuambia ujilaze na unyamaze, sina uwezo wa kukuambia ni la nani. Ningekuwa ninakudanganya kwa diploma yangu. Mimi mwenyewe juzi upepo ulifunga mlango wa depo nikajikuta chini ya baiskeli ya mteja. Lakini niliinuka, nikamrudishia baiskeli yake. Mtegemee Bwana hata kama humwelewi. Mimi simwelewi na ninamtegemea. Ukiwa chini, tega sikio. Kuna watu hawajaacha kupiga tangu ulipoanguka, wako pale pale ulipowaacha. Panda, uingie, hata kama umechelewa, hata kama ni mahali pabaya. Watageuza wimbo wakufuate.

Anayetaka tuombe pamoja anitafute nje baada ya ibada. Nitakuwepo, na nitafurahi sana. Ila aje kwa mbele nimwone.